Kilomita 92, vilima saba, nyuzi joto 1: nilikosea kuwasubirisha watu kileleni (uzi mrefu)

Gia Ndogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi ninao kichwani tangu Jumapili, na kila nikitaka kuuandika vidole vinakumbuka. Nitauweka wote kwa mkupuo. Mwenye haraka aruke moja kwa moja hadi kilima cha tano, kiini kiko pale.

Kwanza niseme wazi kwamba safari hii ya baiskeli niliiongoza mimi. Njia niliichora mimi, saa ya kuondoka niliipanga mimi, na ile sheria ya "tunasubiriana juu ya kila kilima" niliitangaza mimi kwa sauti, nikijiona mstaarabu kweli kweli. Kwa hiyo lawama zikianza kugawiwa, fungu kubwa lije kwangu.

Tulikuwa tisa. Kilomita 92, jumla ya kupanda mita 1,480, vilima saba vya kueleweka na vingine vidogo ambavyo ramani haivijali ila miguu inavijua. Barabara za mashambani: nyembamba, lami iliyochoka, tope la matrekta kwenye kona, na ua wa miiba pande zote mbili uliofyekwa siku chache kabla. Wanaojua wanajua, miiba ile inabaki barabarani wiki nzima ikisubiri tairi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 1 tulipoondoka. Mbingu nyeupe, jua halikuonyesha hata dalili ya kutokeza.

Kilomita 20 za mwanzo ni tambarare kando ya mto, na pale mambo yalikuwa matamu. Wawili wawili, bega kwa bega, wa mbele wanakata upepo dakika chache kisha wanawapisha wa nyuma yao. Kwa mwendo wa kilomita 27 kwa saa, aliyejificha vizuri mgongoni mwa mwenzake anaokoa kama robo ya nguvu, pengine theluthi, na bado ana pumzi ya kupiga soga. Kilichotia doa ni mmoja wetu asiye na madigadi. Simtaji, yumo humu. Kila aliyekaa nyuma yake alikula maji machafu ya barabara usoni, na tulipofika mguuni mwa kilima cha kwanza watu wawili glavu zao zilikuwa chapachapa. Zikumbukeni hizo glavu.

Kilima cha kwanza ni kirefu, kilomita 3, mwinuko wa wastani asilimia 6. Hapo kundi likakatika kama shanga. Mlimani hakuna cha kujificha mgongoni mwa mtu, maana kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa upepo si hoja, kila mmoja anabeba mzigo wake mwenyewe. Watatu wepesi wakapotea, wanne tukafuata, wawili wakabaki nyuma. Tukafika juu tunachuruzika jasho, zipu wazi, mvuke unatutoka mgongoni kama sufuria iliyofunuliwa.

Tukasimama. Tukapiga picha. Dakika ya tatu tunacheka, dakika ya sita kimya, dakika ya tisa wa mwisho alipotokeza kwenye kona sisi wengine tayari tulikuwa juu ya baiskeli. Naye, kabla hajashusha pumzi, tukaondoka. Oneni hesabu hiyo: aliyechoka kuliko wote ndiye hakupumzika hata kidogo, na waliopumzika ndio wanaotetemeka. Siku ile sikuiona. Niliwaza tu kwamba kuna baridi.

Kilima cha pili sina la kusema, kilikuwa kilima.

Baada ya cha tatu kuna mteremko unaopita msituni, chini yake kijito na daraja dogo la zege. Hapo ndipo tulipopata ajali. Madaraja huganda kabla ya barabara kwa sababu baridi inayapiga juu na chini, hayana ardhi ya kuyapa joto. Halafu hili liko kivulini mchana kutwa. Barafu yenyewe ilikuwa ile nyembamba isiyo na rangi, unaona lami nyeusi iliyolowa tu. Aliyetangulia alipita salama kwa sababu hakujua, wala hakugusa breki. Wa pili aliliona likimeremeta, akashika breki ya mbele. Alikuwa chini kabla sijamaliza kupiga kelele. Nyonga ikavimba, suruali ikachanika, mpini wa breki ukapinda ndani. Waliobaki tulivuka kwa miguu, tumeshikilia ukingo wa daraja kama wazee. Mwenzetu alisema anaendelea, na aliendelea, ila kuanzia hapo kila mteremko aliushuka kama anabeba mayai.

Kilima cha nne ni kifupi na hakina adabu: mita 600, sehemu ina asilimia 17, majani yaliyooza katikati ya lami. Ukisimama juu ya pedali gurudumu la nyuma linazunguka bure, ukikaa la mbele linataka kunyanyuka. Dawa yake ni kukaa kwenye ncha ya siti, kifua chini, gia ndogo kuliko zote, na kunyamaza. Wawili walishuka wakasukuma. Juu tukasubiri tena, mara hii dakika kumi na mbili kwenye upepo wa uwanda wazi.

Na sasa kilima cha tano. Kulikuwa na kijana mgeni, safari yake ya pili na sisi. Glavu zake ni mojawapo ya zile zilizolowa. Kilima cha tano alipanda vizuri, wa nne kufika. Maana yake ni kwamba alisubiri pale juu kwa dakika kumi na zaidi, ndani ya fulana iliyojaa jasho, mikono kwapani. Nilimuuliza, "Vipi, uko sawa?" Akasema yuko sawa. Mteremko wake ni kilomita 4, una kona, unaelekea kaskazini. Nikiwa nyuma yake niliona anaingia kona ya kwanza kasi kuliko inavyofaa. Ya pili akapanda majani ya pembeni, akasimama kwa bahati. Nilipomfikia alikuwa anaangalia mikono yake kana kwamba si yake. Akaniambia, "Vidole havifungi." Alikuwa hawezi kuvuta breki. Alijaribu kubana mpini kwa viganja viwili.

Kufungua zipu hakuweza. Kufungua kamba ya helmeti hakuweza. Alipoanza kuongea maneno yakawa yanagongana, halafu akakasirika bila sababu akataka tumwache aendelee peke yake. Hapo nikajua hili si suala la kumtania mtu tena.

Kulikuwa na banda la nyasi kavu mita kama 200 chini. Tulimtembeza, tukamkalisha juu ya nyasi, tukamvua fulana iliyolowa tukamvisha kavu aliyokuwa nayo mmoja mfukoni kwenye mfuko wa plastiki (mbarikiwe nyote mnaobeba fulana ya akiba), kofia ya sufu, majaketi mawili, na watu wawili wakakaa wamembana ubavuni. Chai ya moto ilikuwepo kwenye chupa moja tu kati ya watu tisa. Tisa! Alitetemeka karibu dakika ishirini, na kutetemeka huko ndiko kulikonipa moyo. Kisha damu ikarudi kwenye vidole, akalia. Si kuguna, kulia. Waliowahi kuipata ile wanajua, ni kama mtu anakupigilia misumari kutokea ndani.

Vilima viwili vilivyobaki tuliviacha. Tulirudi kwa njia ya bonde, kilomita 71 jumla, tumefika jua linazama, taa zinawaka, na mimi njiani nzima nikisikia ile sauti yangu ya asubuhi, "tunasubiriana juu ya kila kilima."

Hoja yangu ni hii, naomba muipige mawe: kwenye baridi, kusubiriana kileleni ni kanuni mbovu. Ya kiangazi tumeileta kwenye msimu isiouweza.

---

Mkia wa Msafara

Pole sana mkuu, na pole kwa kijana. Nimesoma hadi mwisho nikiwa na blanketi.

Ila naona unajitwisha lawama ambayo ni ya glavu. Angekuwa na mikono mikavu, dakika kumi zisingemfanya kitu. Mimi nimesubiri watu vileleni miaka mingi.

---

Nati na Bolti

Asiye na madigadi ndiye chanzo cha yote. Nimemaliza.

---

Gia Ndogo

@Mkia wa Msafara nilifikiri kama wewe hadi nilipokaa na kalamu. Tuchukue mpanda baiskeli wa kawaida anayetoa wati 200 kwenye pedali wakati wa kupanda. Mwili wa binadamu ni injini isiyobana matumizi: ni kama robo tu ya nguvu inayofika kwenye pedali, iliyobaki yote ni joto. Yaani ana jiko la wati 600 au zaidi ndani ya fulana. Ndiyo maana anatoka jasho kwa nyuzi 1.

Akisimama, jiko linazimika ndani ya dakika chache, anabaki na zile wati kama 100 za mtu aliyekaa tu. Jasho liko palepale, linaendelea kukauka kwa kunyonya joto lake. Halafu, akiwa tayari amepoa, tunamwambia sasa shuka. Kwenye mteremko hakanyagi, jiko bado limezima, na upepo wa kilomita 50 kwa saa unampiga kifuani. Kwa hewa ya nyuzi 1, upepo huo kwenye ngozi iliyo wazi ni sawa na baridi ya karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Wakati anapanda kwa kilomita 10 kwa saa ilikuwa kama 2 chini ya sifuri tu, tena akiwa na jiko.

Glavu kavu zingemsaidia, sikatai. Lakini mwili ukipoa katikati, kitu cha kwanza unachofanya ni kufunga mabomba ya damu ya mikononi na miguuni ili kulinda moyo na ubongo. Glavu haizalishi joto, inatunza lile lililoletwa na damu. Damu isipokuja, glavu inatunza nini?

---

Mkia wa Msafara

Hapo umenibana. Naendelea kufikiri.

---

Spoki 32

Wakuu, anayedhani kilima ndicho kinachoua aangalie Giro d'Italia (mashindano makubwa ya baiskeli ya Italia) ya 1988, siku ya mlima Gavia, tarehe 5 Juni. Juni! Theluji ilianguka juu kule, zaidi ya mita 2,600. Johan van der Velde wa Uholanzi alifika kileleni wa kwanza, mikono haijafunikwa, amewaacha wote. Mtu aliyeshinda kilima. Halafu akaanza kushuka kuelekea Bormio, kilomita kama 25, na baridi ikamshika hadi akashindwa kuendelea, akaenda kujihifadhi. Alimaliza zaidi ya dakika 40 nyuma ya mshindi. Erik Breukink akashinda mbio za siku ile, na Andy Hampsten wa Marekani, ambaye timu yake ilijiandaa kwa nguo za baridi, akavaa jezi ya waridi ya anayeongoza na kuishika hadi mwisho wa mashindano.

Mlima haukumgusa. Mteremko ulimmaliza.

---

Kichwa Ngumu

Na Bernard Hinault wa Ufaransa je? Liège–Bastogne–Liège, zile mbio za siku moja za Ubelgiji, ya 1980, theluji tangu asubuhi, walianza 174 wakamaliza 21. Alishinda kwa zaidi ya dakika 9. Hakumsubiri mtu yeyote kileleni, hahaha.

Nasema hivi: anayeona baridi akae nyumbani. Safari ya kundi inageuka kuwa zahanati siku hizi.

---

Spoki 32

@Kichwa Ngumu umesahau sehemu ya pili ya hadithi. Vidole vya Hinault viliumia siku ile, na yeye mwenyewe amesema hisia hazikurudi zote. Huyo ni bingwa, gari la timu liko nyuma yake na nguo za kubadilisha. Sisi nyuma yetu kuna trekta.

---

Wa Mwisho Daima

Mimi ni mwanamke, nina miaka 51, na ndiye wa mwisho kila Jumapili kwenye kundi letu. Si kundi la mwanzisha uzi, ila ningeweza kuwa mmoja wa wale wawili. Naomba nisikilizwe kidogo kwa sababu nyuzi kama hizi huandikwa na wale wanaosubiri, sisi tunaosubiriwa huwa hatuulizwi.

Mkuu umesema jambo ambalo sijawahi kuliona limeandikwa: wa mwisho hapumziki. Nakuja kwenye kona ya mwisho nawaona wamejipanga kama ndege kwenye waya. Wananishangilia, wana moyo mzuri, lakini naona nyuso. Naona mtu anapiga miguu chini. Kwa hiyo sisimami. Napita nao moja kwa moja ili nisiwacheleweshe, sijafunga zipu, sijanywa, sijala. Kilima kinachofuata naanza nikiwa na deni, na cha tatu deni na riba. Kufikia kilomita ya 60 si miguu iliyoisha, ni tumbo. Nilikuwa sijala saa mbili kwa sababu ya aibu tu.

Nikimkuta mtu anatetemeka pale juu kwa ajili yangu, mzigo ule ni mzito kuliko kilima.

Kwa hiyo naunga mkono, sheria ife. Lakini badala yake nini? Msije mkasema "tusisubiriane". Nimewahi kuachwa kwenye njia panda isiyo na kibao, simu imezima kwa baridi, saa kumi na giza linaingia. Sitaki tena.

---

Gia Ndogo

Dada, asante sana. Hiyo ya kutokula kwa aibu nimeisoma mara mbili.

Badala yake nimefikiria njia tatu, na ya tatu ndiyo ninayoipenda.

Kuna wanaosema kila mtu ashuke, tukutane chini kwenye kinga ya upepo. Inapunguza kusimama juu, lakini siku ile ya daraja ingekuwaje? Wa mwisho akianguka kwenye barafu, nani anajua? Sote tuko chini tunakunywa chai. Naikataa kwa majira ya baridi, labda kama kuna mtu wa kukaa nyuma siku zote na wa mwisho.

Kuna kusubiri kabla ya kilele, mita 200 au 300 chini yake ambako kilima chenyewe kinakinga upepo. Ni nzuri, inafaa vilima vifupi. Jasho bado lipo lakini upepo haupo.

Na kuna kugeuza. Ukifika juu, husimami. Unafunga zipu, unageuza, unashuka taratibu hadi umkute wa mwisho, unageuza tena na kupanda naye. Jiko haliwaki moto mkali ila halizimiki. Mwepesi anapata mazoezi zaidi, ambayo ndiyo aliyoyafuata. Wote mnafika juu pamoja, na mnateremka pamoja mkiwa na joto la kupanda. Kama wa mwisho anataka kusimama kula, mnasimama dakika moja au mbili, si kumi na mbili.

---

Nati na Bolti

Kugeuza kwenye barabara nyembamba yenye barafu na matrekta? Mkuu, unatibu mafua kwa kuvunja mguu.

---

Gia Ndogo

Hoja ni nzito, sitairuka. Nimeweka masharti: hugeuzi kwenye kona, hugeuzi kama sehemu ya juu ina kivuli na unyevu, na unaposhuka ni kwa mwendo wa kutembea, mkono kwenye breki zote mbili kidogo kidogo. Palipo na shaka, tunatumia njia ya pili, ya kusubiri chini ya kilele. Na nimejifunza kutoamini kipimajoto. Kikisoma nyuzi 2 au 3 baada ya usiku wa mbingu wazi, lami yenyewe inaweza kuwa chini ya sifuri.

---

Wa Mwisho Daima

Kuhusu kugeuza, nina ombi la upande wetu. Ukija kunikuta, usiniambie "karibu unafika". Sijafika. Usiweke mkono mgongoni mwangu kunisukuma kabla hujaniuliza. Na tafadhali usipande sambamba nami gurudumu lako likiwa nusu mbele ya langu, ukiniongezea mwendo bila kujua. Kaa nyuma yangu kidogo, piga hadithi yoyote, hata ya mbuzi wako. Nitaitikia kwa kichwa.

---

Mkia wa Msafara

"Hata ya mbuzi wako" 😂

Nimerudi. Nimekubali kuhusu jiko. Naongeza langu la vitendo: makosa yetu huanza chini ya kilima, si juu. Tunapanda tumevaa kama tunashuka. Fungua zipu mapema, kabla hujaanza kutoka jasho, vua kofia ya chini ya helmeti uitie mfukoni, na panda kwa mwendo ambao pumzi bado inaruhusu sentensi. Jasho ambalo hukulitoa halitakugandisha. Mita 100 kabla ya kilele ndipo unafunga kila kitu, wakati vidole bado vina akili. Ukisubiri hadi mteremkoni, zipu hiyo huifungi tena.

Na lile la zamani la kutia gazeti chini ya jezi kifuani kabla ya kuteremka, vijana mnacheka, lakini linakinga upepo na linanyonya unyevu. Ukifika chini unalitoa.

---

Fundi wa Usiku

Naomba niulize kuhusu pancha. Kwenye baridi ile mlipataje?

---

Gia Ndogo

Mbili, miiba yote miwili. Ya kwanza kabla ya kilima cha nne, sikuitaja kwa sababu uzi ungekuwa kitabu. Mwenye gurudumu hakuweza kushika ule ukingo wa tairi kwa vidole, akatumia meno kuvuta glavu, tairi likawa gumu kama mbao. Ilituchukua mikono ya watu watatu. Tangu siku ile sheria ni kwamba mwenye pancha hafanyi kazi peke yake: wawili wanabadilisha kwa zamu, wengine hawasimami kutazama, wanaenda na kurudi kwenye kipande cha mita 300.

Upepo wa tairi nao mjihadhari. Ukijaza ndani ya nyumba yenye nyuzi 20 halafu ukatoka kwenye sifuri, unapoteza kama psi 5 kwenye tairi la psi 60 bila kuvuja popote. Kwa barabara iliyolowa si mbaya sana, tairi laini kidogo linashika vizuri zaidi. Ila ulijue, usije ukadhani una pancha.

---

Daktari Miguu

Nafanya kazi ya huduma ya kwanza, nichangie kuhusu yule kijana, maana mlifanya mengi sawa.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 hiyo tayari ni hali ya hatari yenye kuhitaji msaada. Hamna kipimo barabarani, kwa hiyo angalieni tabia. Mtu anayeangusha vitu, anayekosea kufungua zipu, maneno yanayogongana, anayejikwaa, hasira za ghafla au ukimya wa ghafla. Swali la "uko sawa?" halifai kitu, kila mtu atasema yuko sawa. Muulize kitu cha kujibu: kilima kinachofuata ni cha ngapi? Mwambie agusishe kidole gumba na kidole cha mwisho. Akishindwa, safari yake ya kuteremka imeisha hapo.

Kutetemeka ni mwili unapigana. Mtu aliyekuwa anatetemeka akaacha, na hajapata joto, hiyo ni dharura, piga simu ya msaada bila kujadiliana. Msisugue mikono iliyoganda, msimpe pombe, na kinywaji cha moto ni kwa mtu aliye na fahamu kamili na anayeweza kumeza mwenyewe. Nguo iliyolowa itoke kwanza, kama mlivyofanya. Na akalie kitu, nyasi, begi, chochote, ardhi inanyonya joto kuliko hewa.

---

Kichwa Ngumu

Sawa, nimesoma yote. Nafuta lile la zahanati.

Niulize kwa nia njema: yule kijana amerudi?

---

Gia Ndogo

Nilimpigia Jumatatu. Vidole viko sawa, ncha za viwili zina ganzi kidogo bado, kaenda kuonyesha. Akaniambia kitu kilichonikaa: pale kileleni alitaka kusema anaganda, lakini yeye alikuwa wa nne na wa mwisho alikuwa hajafika, akaona atalalamikaje mbele ya watu wanaomsubiri mtu mwingine. Kwa hiyo huyu alinyamaza kwa aibu ya kusubiri, na dada yetu hapo juu hakula kwa aibu ya kusubiriwa. Wote wawili kwenye sheria ileile niliyoiona ya kistaarabu.

Anakuja Jumapili. Glavu mbili, moja mfukoni.

Kwa walioko karibu nasi: utabiri ni nyuzi 3 na upepo wa kaskazini. Njia ileile, vilima vyote saba, ila tunaizungusha kinyume ili mteremko mrefu wa kaskazini tuupande badala ya kuushuka. Tunaondoka saa tatu badala ya saa mbili, barabara ipate muda wa kuyeyuka, na kwenye lile daraja la msituni tunashuka wote na kutembea, iwe limeganda au halijaganda. Chupa ya chai ni lazima kwa kila mtu. Fulana kavu kwenye plastiki ni lazima. Asiye na madigadi anakaa nyuma kabisa kilomita zote 92.

---

Upepo Mwanana

Nimenunua madigadi, jamani. Ya mbele na ya nyuma. Naomba yaishe.

---

Nati na Bolti

Na kile kipande cha mpira cha chini je?

---

Upepo Mwanana

Kipo.